Swichi ya mtandao (kiboksi cha kugawa kebo ya ruta kwa vifaa kadhaa) ya poti 5 au 8 kwa vifaa vinne?

Chukua ya poti 8, ya gigabiti (megabiti 1000 kwa sekunde), ile ya kuchomeka tu bila kuseti chochote. Ya poti 5 itajaa siku hiyohiyo, maana poti moja inaliwa na kebo inayotoka kwenye ruta. Kwenye boksi tafuta 10/100/1000. Ikiandikwa 10/100 tu, iache, haivuki megabiti 100 kwa sekunde hata intaneti yako iwe na kasi gani.

PoE, yaani swichi kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, ilipie tu kama utafunga kamera zinazochukua umeme kwenye kebo hiyohiyo. Hapo jumlisha wati: kamera 4 za wati 7 ni 28, kwa hiyo swichi inayotoa wati 30 iko ukingoni kabisa.

Angalizo: ukiweka swichi mpya na kasi bado ni 100, shuku kebo kwanza. Gigabiti inataka nyaya zote 8 za ndani. Mmoja usipobanwa vizuri kwenye plagi, kwa kawaida vifaa hushuka vyenyewe hadi 100. Tazama taa ya poti, swichi nyingi hutofautisha 1000 na 100 kwa rangi.