Kohozi likibadilika rangi, lipimwe kabla ya dawa

Ukiwa na mzee nyumbani mwenye kifua cha miaka mingi, zoea jambo ambalo wengi wetu tunalionea kinyaa: tazama makohozi yake. Mama yangu hapa Lamu aliugua TB zamani, akapona, lakini njia zake za hewa zilibaki zimetanuka na kulegea. Madaktari huita hali hiyo bronkiektasisi. Ongeza moshi wa kuni na makumbi aliouvuta jikoni tangu usichana. Kila asubuhi lazima akohoe, na kohozi lake la kawaida ni jeupe. Usipoijua kawaida ya mtu wako, siku akiugua utachelewa kuona.

Kwenye kifua chenye afya, vinywele vidogo mno hufagia ute kuelekea kooni. Vikiharibika, ute hutuama na bakteria huzaana humo. Mwili ukipambana nao, kuta za njia za hewa huzidi kuumia, na ute huzidi kutuama. Ndiyo maana maradhi haya hurudi hata baada ya nafuu ndefu.

Mimi naangalia kama kohozi limeongezeka, kama limegeuka manjano au kijani, na kama pumzi inamkata akipanda ngazi za nyumbani. Homa usiingoje, maana mzee anaweza kuambukizwa vibaya na mwili usipate joto. (Mtu mwenye mapafu mazima akitoa kohozi la kijani kwa sababu ya mafua, hilo peke yake halimpi haja ya antibayotiki. Nasema juu ya kifua kilichokwisha kuharibika.)

Ninapogombana na ndugu zangu ni hapa: mgonjwa akizidiwa tu, mtu mbio duka la dawa, anunue amoksilini ya siku mbili. Jamani, kohozi liende maabara kwanza, kabla ya kidonge chochote, likaoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe ili wajulikane. Kuna bakteria anayeitwa Pseudomonas aeruginosa, anayependa kukaa kwenye mapafu kama ya mama, na amoksilini haimwezi kabisa. Mama alipewa hiyo mahali fulani, akazidi kudhoofika, mpaka kipimo kilipomwonyesha bakteria huyo. Daktari akaandika antibayotiki nyingine, siprofloksasini, ya siku 14, na mama akaimaliza yote hata baada ya kujisikia vizuri. Dawa hiyo haimezwi na maziwa, kwa hiyo chai ya maziwa ilisogezwa mbele. Na kisigino kikianza kuuma, daktari aambiwe upesi, kwa sababu inaweza kudhuru kano, hasa za wazee.

Kwa walio Faza, Kizingitini au Siyu, huko kisiwani Pate: kohozi linatakiwa lifike maabara ndani ya saa chache. Afadhali mgonjwa akakohoe huko huko hospitalini kuliko kikopo kupigwa jua kwenye boti. Asukutue kinywa kwa maji, kisha atoe kohozi la ndani, si mate. Na daktari aambiwe kwamba mgonjwa aliwahi kuugua TB.

Siku za nafuu nazo zina kazi. Mama huvuta pumzi ndefu, huishika kidogo, kisha huitoa kwa nguvu mdomo wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo. Ute hupanda, akautoa. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyemfundisha, nanyi ombeni mfundishwe. Udi na ubani nimemsihi usichomwe chumbani anakolala. Hilo lilimuuma, naelewa, lakini moshi ni moshi. Ulizeni pia chanjo ya homa ya mafua, ya kila mwaka, na ile ya nimonia.

Akikohoa damu, midomo ikigeuka buluu, akichanganyikiwa au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, msingoje kupambazuke. Tafuteni boti usiku huo huo, na mbebe vidonge vyote anavyotumia ili daktari avione.