Jibu kwa mleta uzi wa Hawaii: hiyo tiketi isogeze mbele, leo hii

Dada mleta uzi, umesema mnahamia Hawaii na mbwa na paka; acha kwanza kusoma majibu ya wanaokusimulia hali ya hewa ya huko. Umeandika hivi: "Damu ya mbwa ilitolewa Ijumaa, tumehesabu siku 30, tiketi za Honolulu tumeshakata." Nilipofika hapo mate yalinikauka. Siku 30 ambazo Hawaii inataka mnyama asubiri kabla ya kuingia bila kuwekwa karantini hazianzi damu inapotoka kwenye mshipa. Zinaanza siku moja baada ya maabara kuipokea. Ijumaa yako haimo kwenye hesabu kabisa, na kwa jinsi kliniki za huku zinavyotuma mizigo, Jumatatu na Jumanne nazo huenda hazimo.

Aliyekupa hiyo hesabu namjua. Jina simjui, ila namjua.

Sisi tulikuwa Killeen, Texas, baba watoto ni mwanajeshi, oda zake za uhamisho zikatoka: kambi ya Schofield Barracks, kisiwa cha Oahu, hukohuko Hawaii. Mbwa tulikuwa naye tayari. Watoto walimpa jina Tajiri. Ningejua yatakayotupata ningemwita Madeni. Nikampeleka kliniki, wakamtoa damu ya kile kipimo cha FAVN, kinachoangalia kama chanjo ya kichaa cha mbwa imeshika mwilini. Dada wa mapokezi akachukua kalamu nyekundu, akageukia kalenda ya ukutani, ile yenye picha za paka waliovishwa kofia za Krismasi, akahesabu kwa ncha ya kalamu mraba mmoja mmoja, akafika mahali akazungushia duara. "Siku yenu hii hapa." Nikaipiga picha. Nikamtumia baba watoto, baba watoto akakata tiketi.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinaendelea nyuma ya ile kalenda. Wikiendi ilikuwa ndefu, yenye sikukuu ndani yake. Damu ikalala kwenye friji yao. Nimekuja kuambiwa baadaye, tena kama jambo la kawaida tu, kwamba sampuli huwa wanazikusanya, zikifika kadhaa ndipo wanazituma kwa mkupuo ili kupunguza gharama ya kusafirisha. Gharama ya nani? Mimi nililipa usafirishaji, risiti ninayo! Maabara yenyewe iko Chuo Kikuu cha jimbo la Kansas, mji unaitwa Manhattan. Ndiyo, kuna Manhattan nyingine huko katikati ya mashamba ya ngano, na mimi kwa dakika kadhaa nilikuwa namwonea wivu mbwa kwamba damu yake imefika New York kabla yangu.

Majibu yakarudi mazuri. Kinachotakiwa ni kiwango cha kinga cha angalau 0.5, Tajiri alipita kwa mbali. Kliniki wakapiga simu kutupongeza. Karatasi ya majibu ina namba ya chipu (kile kidude cha utambulisho anachowekewa mnyama chini ya ngozi), ina tarehe damu ilipotolewa, ina tarehe maabara ilipoipokea, halafu ndiyo kiwango. Macho ya kila mtu yakaenda kwenye kiwango. Zile tarehe mbili zilikuwa zimeachana waziwazi, na aliyesomea udaktari wa wanyama miaka yote ile akanikabidhi karatasi huku anatabasamu, akanitakia safari njema na kuniambia nile mananasi kwa niaba yake.

Honolulu, mnyama hukutani naye kwenye mkanda wa mizigo. Shirika la ndege linamkabidhi kwenye kituo cha karantini cha uwanja wa ndege, na wewe unaenda kumfuata huko. Tukakaa. Bibi mmoja akaitwa, akatoka na kambwa kake kadogo. Familia nyingine ikaitwa. Sisi afisa akampitishia Tajiri mashine ya kusoma chipu, akatazama kioo cha kompyuta, akatazama karatasi zetu, akaniuliza kwa upole kabisa ni nani aliyetupa tarehe hii. Nikamwonyesha picha ya kalenda. Nadhani alitaka kucheka, ila aliona watoto.

Tajiri akapakiwa kwenye gari, akapelekwa kituo cha karantini cha Halawa, bonde moja nyuma ya Pearl Harbor. Huko hatukuzungumza tena habari ya kutoka siku hiyohiyo. Sheria ya kisiwa, kwa mnyama asiyetimiza masharti, inaruhusu kumweka hadi siku 120. Wetu alikaa mpaka siku zake zilipotimia na makaratasi yakanyooka, na kila siku ilikuwa na bei yake. Sina ugomvi na watu wa Halawa, wanalisha, wanasafisha, wana utu. Lakini ni banda la wavu na sakafu ya saruji, na kumwona ni mchana kwa saa chache tu. Gari letu bado lilikuwa baharini linaletwa na jeshi, baba watoto anaripoti kazini alfajiri, tunalala hotelini. Kwa hiyo mimi na watoto wawili tulikuwa tunapanda teksi kwenda kukaa kwenye banda la mbwa, tunarudi tunanuka, kesho tena. Jumlisha teksi, jumlisha hoteli iliyosogezwa kwa sababu mmoja wetu hakutaka kuhamia kwenye nyumba "bila Tajiri" (ana miaka sita, ana msimamo), halafu uniambie hiyo kliniki iliokoa shilingi ngapi kwenye usafirishaji.

Nikawapigia. Jibu la kwanza: "Tulituma kwa wakati." La pili, nilipotaja tarehe iliyoko kwenye karatasi yao wenyewe: "Sheria za Hawaii zinabadilikabadilika sana." Zinabadilikabadilika! Karantini ya Hawaii ipo tangu 1912. Badiliko kubwa la karibuni ni la Agosti 2018, walipopunguza kusubiri kutoka siku 120 hadi 30, yaani walirahisisha. Ni jimbo pekee la Marekani lisilo na kichaa cha mbwa na wanataka libaki hivyo, basi. Kujua tarehe ya kupokelewa sampuli si elimu ya siri. Ni kusoma mstari.

Na kabla hamjaanza, wale wa "kwani wewe hukusoma tovuti?" Nilisoma. Nilisoma saa sita usiku, nimekaa juu ya boksi la sufuria, na mtu aliyevaa nguo za kliniki alikuwa ameshanizungushia duara jekundu. Ungemwamini nani?

Kwa hiyo dada, tiketi inakatwa mwisho. Iandike kwenye friji. Ikatwe baada ya damu kufika maabara, baada ya majibu kutoka, na baada ya wewe kuona kwa macho yako tarehe ya mnyama wako kwenye tovuti ya idara ya kilimo ya Hawaii. Wana ukurasa wa karantini ambapo unatafuta kwa namba ya chipu, unapata majibu ya kipimo na tarehe anayoruhusiwa kuingia. Tarehe ni hiyo. Ya kliniki tupa. Ya mumeo tupa. Yangu mimi tupa. Halafu ongeza siku kadhaa za akiba, maana ndege hubadilishwa ratiba bila kukuuliza. Kama oda zina siku ya kuripoti isiyosogea, atangulie mwenye oda, mnyama abaki na mtu unayemwamini afuate baadaye. Mbwa hana kamanda wa kumripotia.

Na mwenye ndoto tu ya kuhamishiwa Hawaii, hata oda hazijatoka, kapime damu sasa. Majibu yanakubalika kwa miezi 36. Ukipima mapema huna siku za kuhesabu kwa wasiwasi. Hili sijui kwa nini hakuna anayelisema kambini.

Mengine haraka. Chipu iwekwe kabla ya damu, kwa sababu namba yake lazima iende na sampuli; damu isiyo na namba ya chipu umeitoa bure. Chanjo za kichaa ziwe mbili, zimepishana zaidi ya siku 30, na ya mwisho iwe imetimiza angalau siku 30 siku mnayofika na haijaisha muda. Wewe hujataja chanjo ya pili. Ulichosema ni kwamba amechanjwa "ile ya miaka mitatu." Hiyo ni moja, hata ingekuwa ya miaka kumi! Angalia vyeti vyake vya nyuma leo usiku, na kama viko viwili hakikisha ni halisi na vimesainiwa kwa wino. Cheti cha afya kiandikwe ndani ya siku 14 kabla ya kufika, na ndani yake kiwepo dawa ya kupe aliyopewa, jina na tarehe. Fomu yao ya kumwingiza mnyama ni AQS-279, ipigwe muhuri wa mthibitishaji wa saini (notary). Makaratasi yawafikie siku 10 au zaidi kabla hamjatua. Sisi tulipanga kulipa dola 185 za kutoka uwanjani kwa utaratibu huo, wakati karantini ya siku 120 ilikuwa dola 1,080, ukitaka kuona tofauti ya mtu aliyesoma tarehe na aliyepiga picha kalenda. Na ndege itue kabla ya saa tisa na nusu alasiri, ukitua jioni mnyama analala karantini.

Halafu kuna ndugu hapo juu kasema yeye alihamia Oahu na paka wake bila haya mambo yote. Ndugu, umeandika mwenyewe kwamba mlitoka Guam. Guam, Australia, New Zealand na visiwa vya Uingereza, Hawaii inavihesabu kuwa havina kichaa, vina utaratibu wake. Texas haimo. Tafadhali usimpoteze mtu.

Na aliyeuliza kumtoa mbwa Arusha moja kwa moja hadi Honolulu: haiwezekani moja kwa moja. Tangu Agosti 2024 Marekani kwa ujumla ina masharti yake kwa mbwa waliotoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa, na Tanzania na Kenya zote zimo. Mbwa aliyechanjwa huko lazima aingilie kwenye uwanja wenye kituo kilichosajiliwa, kama Los Angeles, kwa nafasi iliyowekwa mapema. Honolulu hakuna. Hapo ndipo foleni ya Hawaii inaanza upya. Fungua uzi wako, hili si la kujibiwa kwa mistari minne.

Turudi kwa paka, dada, maana nimerudi kusoma swali lako nikaona jambo. Umetaja damu ya mbwa. Ya paka iko wapi? Umeandika "paka hatoki nje, nadhani yeye hana shida." Ana shida. Paka anafuata masharti yaleyale yote: chipu, chanjo mbili, damu, siku 30, kupe, kila kitu. Afisa hatakuuliza kama anatoka nje. Kama hajapimwa, basi hata mbwa wako angekuwa sawasawa, safari hiyo paka anaenda Halawa.

Hela za jeshi: tangu Januari 2024 wanarudisha hadi dola 2,000 kwa kusafirisha mnyama ukihamishiwa nje ya bara la Marekani, na Hawaii inahesabika humo. Ila ni mnyama mmoja, mbwa au paka. Ninyi mnao wawili, kwa hiyo kaeni kikao mchague nani anasafiri kwa serikali. Mimi ningechagua mbwa, kreti yake ndiyo nzito. Risiti zote weka.

Kesho kliniki ikifungua tu, piga. Usiulize "mlituma?" Watasema ndiyo. Uliza iliondoka siku gani, omba namba ya kufuatilia mzigo, ufuatilie mwenyewe uone umepokelewa Kansas lini. Katika simu hiyohiyo omba nafasi ya paka, na uwaambie damu yake iondoke siku inayotolewa, kwa hiyo isiwe Ijumaa wala mkesha wa sikukuu. Wakikwambia anayeshughulika na hayo ametoka kula, subiri kwenye laini.