Nyayo Nilizofuta

Pasua, Moshi
Oktoba 12

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea mama yako akiwa anachambua mchele, akasema, "Hilo swali mjibu wewe, mimi simo." Basi nakujibu peke yangu, na kalamu yenyewe unajua siku hizi inanitetemeka.

Umeuliza hivi: "Baba, ninyi mlikaa porini miezi na miezi. Mlishindanaje bila kuchukiana? Au mlichukiana mkatuficha?" Ukanieleza ile kambi ya kuwinda ya wenzako wa kazini huko Wisconsin, nyumba ya mbao ya babu yao, ambayo zamani ililaza watu 12 na mwaka jana ulipoalikwa mlikuwa watano. Ukanieleza na wale binamu wawili waliokula meza moja siku zote tisa za msimu bila kusemezana, sababu ni kulungu mmoja. Wamekualika tena mwezi ujao na hujui uende au usingizie zamu ya usiku.

Nenda. Nitakuambia kwa nini, ila nitazunguka kidogo.

Kwanza huyo mnyama mwenyewe. Tunamwita kulungu kwa kuwa hatuna jina jingine la kumpa, lakini si ndugu wa pongo wala wa swala wetu. Kusini mwa Sahara ukoo wake haupo kabisa. Afrika nzima unamkuta porini kule milima ya kaskazini tu, upande wa Algeria na Tunisia. Tofauti iko kichwani. Tandala dume akiota pembe, ni zake mpaka afe. Kulungu wako huziangusha kila mwaka kwenye baridi, kisha huota nyingine. Wageni wa Texas waliokuja kwetu kuwinda walikuwa wakiniambia hivyo motoni nikidhani wananitania. Sasa nikiwafikiria binamu zako wale, nacheka peke yangu hapa barazani: wamenuniana kwa kitu ambacho mwenyewe angekitupa kabla ya Pasaka.

Nikiacha utani, kisa chenyewe nimekielewa. Mmoja alifunga kamera kwenye mti, kamera inayotuma picha kwenye simu. Akamwona kulungu kijana, akampa jina, akamwacha apite misimu miwili ili pembe zikomae. Mwenzake, asiyejua jina wala picha, akakaa mahali pake pa kuwindia siku ya kwanza, mnyama akapita, akapiga. Kisheria hana kosa, maana mnyama wa porini hana mwenyewe. Lakini yule wa kamera anaona ameibiwa mfugo. Ukishampa mnyama jina, umeshajenga zizi kichwani mwako, na jirani hawezi kuliona zizi hilo.

Ulichoandika kuhusu yule mzee wa kambi ndicho kilichonikalisha kitako. Amekuambia kwamba zamani walikuwa wakiwinda kwa msako: nusu wanatembea kwa mstari kupita msituni, nusu wanasubiri upande wa pili, na nafasi zinabadilishwa. Mtu mmoja hawezi kufanya msako. Kwa hiyo hata ukimchukia binamu yako, alfajiri unamhitaji. Leo kila mtu ana kiti chake juu ya mti, anapanda gizani na kushuka gizani, na anachokiona ni chake. Mimi sisemi viti vya mtini vimeharibu watu. Nasema mtu akishaweza kufanya kazi peke yake, urafiki unakuwa hiari, na hiari huchoka upesi kuliko lazima.

Na kuna ile sheria yenu niliyoipenda mpaka nikamsomea mwenyekiti wa mtaa: Wisconsin mtu wa kundi anaruhusiwa kumpigia mwenzake kulungu kwa kibali cha mwenzake, ila wakati wa kupiga lazima waonane au wasikiane kwa sauti tupu, bila simu wala redio. Kwa hiyo mzee asiyeona vizuri anarudi na nyama kwa jicho la kijana. Serikali imeandika kwamba wasikiane! Sijui kama walioiandika walijua walichokuwa wakikilinda.

Sasa sisi.

Uwindaji wa wageni ulifungwa nchini mwaka 1973, ukafunguliwa tena 1978. Mimi niliingia 1985 kwenye kampuni moja pale Arusha, nilichukuliwa kwa kuwa nilikuwa mwembamba na sikuwa mlevi. Aliyenifundisha kufuata nyayo ni baba yako mdogo wa Sanya Juu. Ndiyo, huyo huyo uliyekuwa ukiuliza kwa nini Krismasi haji tena. Nitafika huko.

Alinifundisha kuangalia kama mchanga wa ukingo wa kwato umeshaanza kuporomoka, kama umande umeingia ndani ya alama au alama imekanyaga umande, kama jani lililokatwa bado linatoa maji. Tulitembea wawili. Mmoja anainamisha macho asome ardhi, mwingine anayainua atazame mbele, maana ukiikodolea ardhi peke yako siku moja utamkanyaga nyati aliyelala. Macho yakichoka mnabadilishana. Aliyekuwa mbele anarudi nyuma bila kuambiwa, anakugusa bega tu.

Usidhani hatukushindana. Tulishindana kutwa! Dume au jike, amepita usiku au alfajiri, anachechemea mguu upi. Dau lilikuwa sigara, na aliyeshindwa alichota maji ya kambi. Yeye alinishinda mara nyingi hadi ndoo ile ikaitwa kwa jina langu. Na nilimpenda kwa hilo. Kwa hiyo ukiniuliza kama ushindani ndio unaoua urafiki wa wawindaji, kwangu jibu ni hapana, ule wa kwetu uliulisha.

Nyati dume anaweza kufika kilo 700. Akianguka saa tano asubuhi, jua lile la kule, hakuna mwanamume anayeweza kusema ni wake. Anahitaji mchunaji, dereva, mpishi, askari wa wanyamapori mwenye vibali, na wenyeji waliokwisha kuwaona tai wakaja na ndoo. Mgeni anachukua kichwa na ngozi. Sisi tunabaki na nyama, na nyama ina tabia moja, usipoigawa inaoza. Hata kwenu huko umeniambia kulungu wa porini haruhusiwi kuuzwa nyama yake, lazima uile au uitoe. Hapo ndipo ninapopaona mimi mpasuko: nyama inakatika vipande, pembe haikatiki. Ikikatika imeharibika.

Tuliishi hivyo mpaka ilipokuja futi, ule utepe wa kupimia pembe. Ilikuwepo tangu mwanzo, lakini ilikuwa ya wageni, ikilala mfukoni mwao. Mmoja wao aliwahi kunieleza kwamba kwao kuna klabu, Boone and Crockett, iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887, wakati wanyama wa Marekani walipokuwa wakiteketea, ili wasimalizwe. Baadaye klabu hiyo hiyo ikaweka vipimo: kulungu mwenye mkia mweupe, wa pembe za kawaida, lazima vipimo vya pembe zake vikijumlishwa vifikishe inchi 170 ndipo aingie kwenye orodha yao kuu. Walikusudia kutunza kumbukumbu, nami sina ugomvi nao. Ila namba ikishatoka nje haikumbuki ilizaliwa kwa sababu gani. Wewe mwenyewe umeona ubao ule kwenye baa, majina na inchi, na zawadi ya mshindi.

Kwetu namba iliingia kupitia bakshishi. Zamani bakshishi ya mgeni ilitumbukizwa kwenye kopo la maziwa ya unga, mpishi akalitunza, na siku ya kurudi Arusha tukagawana kwa vichwa. Kisha wakubwa wakaona ni vizuri mgeni ampe kila mtu bahasha yake, kadiri alivyoridhika naye. Kuridhika kwake kulipimwa kwa futi. Mwaka mmoja tu ulitosha. Tukaacha kugusana bega, tukaanza kupiga kelele, "Bwana, pale!" ili aonekane nani ameona. Mchunaji, ambaye kazi yake haionekani na mgeni, akawa anapata bahasha nyembamba kuliko zote, na visu vyake vikaanza kuwa butu. Hilo sikulitilia maanani wakati ule.

Septemba mwaka 2000 tulikuwa Longido. Wageni wawili, magari mawili, mimi gari moja na baba yako mdogo jingine. Wote wawili walitaka tandala mdogo, yule mwenye mistari myeupe ubavuni, mwoga, asiyetoka kichakani. Jioni moja niliteremka korongoni peke yangu, nikakuta alama za dume mkubwa zinazoingia kwenye kichaka cha miiba. Mbichi. Nilijua kesho yake gari la mwenzangu ndilo lingepita pale.

Nilizifuta kwa mguu, mwanangu. Hatua kama kumi na tano, taratibu, kisha nikapitisha tawi juu. Usiku nikakaa naye motoni tukala ugali sahani moja.

Alfajiri nikampeleka mgeni wangu kwa njia ya juu. Tulimpata kabla ya saa tatu. Inchi 29, mgeni akalia machozi, na bahasha yangu ilikuwa nene kuliko mshahara. Ndiyo iliyonunua godoro na sanduku lako la kidato cha kwanza, ile Januari. Sikutaka kukuambia hili, lakini umeuliza.

Kosa langu jingine ni ujinga. Nilivaa katambuga, na ya kushoto ilikuwa na mkato kwenye tairi ambao yeye mwenyewe aliwahi kuucheka. Nilikuwa nimemfutia nyayo mtu aliyenifundisha kusoma nyayo. Alipita korongoni mchana. Aliporudi kambini alitazama miguu yangu, akatazama uso wangu, akaenda kumimina chai. Hakusema neno siku hiyo wala siku yoyote. Alihamisha tu matandiko yake akalala upande wa madereva. Krismasi hakuja, na mama yako akapika ndizi za kumsubiri mpaka saa kumi.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba tulichukiana, na tukawaficha.

Barua yako ilinikaa kifuani wiki nzima. Alhamisi nikapanda Hiace mpaka Boma Ng'ombe, nikaunganisha hadi Sanya Juu. Nimemkuta nyuma ya nyumba akikata majani ya ng'ombe. Amezeeka, goti limemharibikia. Alinitazama miguu kwanza. Nilikuwa nimevaa vile viatu ulivyonitumia, vya soli laini.

Akasema, "Siku hizi huachi alama."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ile ya Longido. Akasema anajua, akaingia ndani kuleta mbege. Tulikaa mpaka jioni tukizungumza magoti, bei ya pumba na migomba inayokauka. Longido hatukuirudia. Sijui kama amenisamehe, na sikuona vizuri kumuuliza mtu aliyekwisha nimiminia kata mbili. Aliponisindikiza kituoni alitembea nyuma yangu, kama zamani.

Sasa wewe na kambi yako. Usiwaulize wale binamu nani ana haki, utagawanya hata hao watano waliobaki. Muulize mzee kama wanaweza kufanya msako angalau siku moja kati ya zile tisa. Pendekezo likitoka kwa mgeni asiyejua kitu halimwaibishi mtu. Na mnyama akipatikana, simama mezani wakati wa kukata, shika kisu, uliza kipande hiki kinakwenda kwa nani. Watu waliokasirikiana hawawezi kukata mguu mmoja bila kusemezana, mmoja lazima aseme "shikilia hapo." Futi ikitolewa, nenda kaoshe vyombo.

Hiyo koti ya rangi ya chungwa uliyonitumia picha yake, ivae hata ukienda chooni. Umesema kulungu haioni rangi hiyo vizuri, lakini watu wanaiona.

Mama yako anasema kahawa amempa mtoto wa jirani anayesafiri tarehe 20, na usimpe mtu wa kambini yote. Amesema hivyo hivyo, "yote."

Baba yako