Kwa nini Pletnyov hatajwi

Umeuliza kwa nini Dmitry Pletnyov, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya ndani na hasa ya moyo mjini Moscow, hatajwi sana; sababu si udhaifu wa kazi yake. Machi 1938, katika kesi ileile iliyomhukumu Nikolai Bukharin, kiongozi wa Kisovyeti aliyekosana na Stalin, alisingiziwa kushiriki njama ya kumuua mwandishi Maxim Gorky, akahukumiwa kifungo cha miaka 25, na Septemba 1941 akapigwa risasi karibu na mji wa Oryol, Urusi. Mwalimu akishaitwa muuaji, wanafunzi wake hawawezi kumtaja bila kujihatarisha, na mkondo wa kitabibu, yaani mafunzo yanayopokezanwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa wanafunzi, ambao huishi kwa kutajwa kuliko kwa majengo, hukatika. Jina lake lilisafishwa rasmi mwaka 1985, miaka 44 baada ya kuuawa.