Klabu imenifukuza na kuniaibisha: je, naweza kudai fidia ya adhabu?

SWALI: Ndugu Wakili, nimekuwa mwanachama wa klabu moja ya michezo hapa Jinja kwa miaka tisa. Mwezi wa Februari kamati ilibandika jina langu kwenye ubao wa matangazo ulio karibu na kaunta ya vinywaji, nikiwa wa tatu katika orodha ya “wadaiwa sugu”, ingawa ada ya mwaka nilikwisha kuilipa na risiti ninayo. Jumapili iliyofuata nilifika na mke wangu pamoja na wageni wawili. Askari wa lango akasema kadi yangu imefungwa, na nilipokataa kuondoka akanishika mkono na kunivuta hadi kwenye gari, watu wakitazama. Barua ya kunifukuza ilikuja siku nne baadaye, wala sikuitwa mbele ya kamati hata mara moja. Shemeji yangu aliye Marekani ananihimiza nidai fidia ya adhabu ya shilingi milioni 500 ili klabu ikome. Je, sheria ya Uganda inaniruhusu? – Msomaji, Jinja.

JIBU: Ndugu yangu, kuomba unaweza, kwa kuwa hakuna anayemkataza mdai kuandika ombi hilo katika hati yake ya madai. Kupewa ni jambo jingine, na kwa hayo uliyoyaeleza naona mlango huo ni mwembamba kuliko shemeji yako anavyodhani.

Fidia ya kawaida humrudisha mtu, kadiri fedha inavyoweza, pale alipokuwa kabla ya kukosewa. Fidia ya adhabu hupima ubaya wa aliyekosea, naye hutozwa ili aumie. Na kwa sababu ni adhabu inayotolewa pasipo mashitaka ya jinai, majaji huitoa kwa mkono mzito. Msingi tunaoufuata uliwekwa Uingereza na Lord Devlin mwaka 1964 katika kesi ya Rookes na Barnard, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaupokea mwaka 1971 katika kesi ya Obongo dhidi ya Baraza la Manispaa ya Kisumu. Hali zinazokubalika ni tatu: watumishi wa serikali wanapotenda kwa uonevu au kinyume cha katiba, mdaiwa anapokosea kwa makusudi, akiwa amepiga hesabu kwamba faida yake itazidi fidia atakayolipa, na pale sheria ya Bunge inapoiruhusu waziwazi.

Klabu yako si serikali, na askari wa lango si mtumishi wa serikali. (Angekuwa ni polisi aliyeitwa kuja kukutoa, jibu langu lingekuwa refu zaidi.) Inabaki hali ya pili, nayo inataka ushahidi wa hesabu yenyewe, kwa mfano muhtasari wa kikao unaoonyesha kwamba uliondolewa ili nafasi yako apewe mtu atakayelipa kiingilio kipya. Katika barua yako sikuona dalili yoyote ya jambo hilo.

Kuhusu Marekani, shemeji yako hakosei kwamba huko viwango ni vikubwa, lakini hata huko vina kikomo. Katika kesi ya BMW na Gore, mtu aliyeuziwa gari lililopakwa rangi upya bila kuambiwa alipewa na baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, fidia ya dola 4,000 na adhabu ya dola milioni 4. Mahakama ya juu ya Alabama ikaipunguza adhabu hadi milioni 2, na mwaka 1996 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ikasema hata hizo zimepita kiasi. Hapa kwetu kesi ya madai huamuliwa na jaji peke yake, ambaye hatikiswi na machozi.

Nguvu yako iko kwingine. Katiba ya klabu ni mkataba baina yako na wenzako. Mahakama haitauliza kama kamati ilikuwa na busara. Itauliza kama ilifuata kanuni zake, kama ilikusikiliza kabla ya kukuhukumu, na kama ilitenda kwa nia njema. Kufukuzwa kwanza na kuandikiwa barua baadaye ni kasoro ambayo wakili wa klabu atapata taabu kuieleza, na hapo unaweza kuomba uamuzi huo utamkwe kuwa batili na urejeshewe uanachama. Kumbuka tu kwamba kuvunja mkataba peke yake, tangu kesi ya Addis iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1909, hakuzai adhabu.

Kuvutwa mkono na kuitwa mdaiwa sugu ni makosa yanayosimama nje ya mkataba, na ndiyo yenye uzito. Kwa hayo jaji anaweza kukuongezea fidia kwa sababu ya namna ulivyodhalilishwa mbele ya mkeo na wageni wako. Hiyo ni fidia ya maumivu yaliyozidishwa, ambayo hata baadhi ya mawakili huichanganya na adhabu, na kwako ina nafasi kubwa zaidi.

Kabla ya kufungua kesi, hakikisha klabu imesajiliwa kama nani. Ikiwa ni kampuni, ishitaki kwa jina lake. Ikiwa ni umoja usiosajiliwa, utahitaji idhini ya mahakama kuwashitaki viongozi kwa niaba ya wanachama wote. Madai yasiyozidi shilingi milioni 50 husikilizwa na Hakimu Mkuu, kwa hiyo zile milioni 500 zitakupeleka Mahakama Kuu. Ukishindwa, kwa kawaida gharama za mwenzako utalipa wewe. Vyovyote iwavyo, mtapelekwa kwenye usuluhishi kwanza, nami nisingeudharau.

Lakini wiki hii anza na barua. Ambatisha nakala ya risiti, utake jina lako liondolewe ubaoni na kumbukumbu za kikao zihifadhiwe. Mwaka 1937, katika kesi ya Byrne na Deane iliyohusu karatasi iliyobandikwa ukutani katika klabu ya gofu, mahakama ya Uingereza ilisema mwenye uwezo wa kuiondoa karatasi akaiacha anaweza kuhesabiwa kuwa ameitangaza yeye mwenyewe. Kwa hiyo upige picha ubao huo siku unayopeleka barua, kisha urudie baada ya siku saba.