X imefungwa wapi, mbona kwa laini ya Burundi inafunguka?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Nauza dagaa na mawese hapa Ujiji, wateja wengi wa Dar nilikuwa nawapata X, ile ya zamani Twitter. Toka Mei 2025 inazunguka tu haifunguki, na WhatsApp inapiga kazi kama kawaida. Mjomba yuko Manyovu mpakani, akiweka laini ya Burundi kwenye simu yake ileile inafunguka fasta. Kijana wa duka la simu kaniwekea VPN ya bure, ile programu ya kupitisha intaneti kwa njia nyingine, inafungua ila bando linakata haraka na simu inachemka. Kwani imefungwa wapi, na hii VPN ni salama?

JIBU: Marahaba dada. Laini ya mjomba ndiyo nusu ya jibu. X yenyewe iko hewani, kilichozibwa ni njia ya kampuni zetu za simu. Simu yako ikienda kufungua tovuti inapiga hodi kwanza kwa kutaja jina la tovuti waziwazi, kampuni ikilisikia jina lililokatazwa inakata hapohapo, na laini ya Burundi haipigi hodi kwao. VPN inaificha ile hodi ndani ya bahasha, ila kufunga na kufungua bahasha muda wote ndiko kunakochemsha simu, na matangazo ya hizi za bure yanakula bando.

Urusi Aprili 2018 walitaka kuifunga Telegram, programu ya kutumiana ujumbe, wakazuia mamilioni ya anwani za mtandao za Amazon na Google ambako ilikuwa inapitia, huduma za watu wasiohusika zikakwama, Telegram ikaendelea kupatikana, na Juni 2020 wakaiondoa marufuku wenyewe. Yaani anayeumia ni yule asiyehusika, kama wewe.

Jerry Silaa, waziri wa mawasiliano wa wakati huo, alisema sababu ni picha za ngono. Watoto walindwe, hilo nakubali kabisa, lakini X ilianza kugoma Mei 20, siku ileile akaunti ya polisi ilipodukuliwa, sasa watu wasiunganishe kwa nini? Amri kubwa namna hii ingepita mahakamani tungesoma sababu zake, tungejua inaisha lini, na muuza dagaa angekuwa na pa kukata rufaa. Hili linaniuma sana.

Sasa hiyo VPN. Anayeimiliki anaona unakokwenda, yaani umemtoa kampuni ya simu umemweka mtu usiyemjua. Niliweka moja ya bure kwenye simu yangu, kabla hata haijaunganisha ikaomba ruhusa ya kusoma meseji. VPN haihitaji meseji yako hata moja dada, na humo ndimo zinamoingia namba za uthibitisho za benki! Halafu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa kwao, usipofanya hivyo unaweza kujikuta matatani.

Ifute leo, na kama uliipa ruhusa ya meseji badilisha neno la siri la benki. Wateja wahamishie WhatsApp, namba yako iandike kwa kalamu isiyofutika kwenye kila ndoo ya mawese unayopakia kwenye treni.