Chapati amekufa, Karanga amegoma kula

*Shikamoo Shangazi. Binti yangu wa miaka 9 alikuwa na simbilisi wawili wa kike, Chapati na Karanga, tangu wakiwa wadogo. Sasa wana miaka 3 na hawajawahi kuzaa. Jumatatu asubuhi tulimkuta Chapati amekufa. Tangu hapo Karanga amejibanza kwenye kona waliyokuwa wakilala, halii tena akisikia mlango wa jikoni, na majani anayanusa tu. Mume wangu anasema ni mnyama, atazoea. Mama mkwe anasema tumle kabla hajakonda. Jirani mmoja anataka kunipa dume, mwingine anasema nimwekee sungura. Binti analia kila usiku, ananiuliza kama Karanga naye atakufa. Nifanye nini?*
*Mama Tumaini, Njombe*

Marahaba mwanangu. Pole sana, wewe na huyo mjukuu wangu.

Nianze na tumbo la Karanga, maana ndilo lenye haraka. Utumbo wa simbilisi umeumbwa kufanya kazi usiku na mchana, na majani ndiyo yanayousukuma. Akikaa siku nzima bila kula, unalegea, gesi inajaa, na hapo kumrudisha ni kazi kubwa. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, nenda bandani ukaangalie kinyesi. Ukikuta punje nyingi zinazofanana, anakula usipomwona. Zikiwa chache, ndogo kama mbegu, au hamna kabisa, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii. Mkiwa mnajiandaa, saga majani laini kwa maji ya uvuguvugu, mpe kidogo kidogo kwa sirinji isiyo na sindano, ukipitishia pembeni mwa mdomo ili asipaliwe.

Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kufuga jike aliyefiwa na dada yake. Alipojikunyata nikasema ni majonzi, nikamwacha atulie. Siku ya 3 nilimshika kidevu, nikakuta manyoya yamelowa mate. Magego yalikuwa yamerefuka hadi yanaubana ulimi, kwa kuwa meno ya simbilisi hukua maisha yake yote. Alikuwa na njaa ila hawezi kutafuna, na mimi nilikuwa namhesabia huzuni. Tulimpoteza.

Ndiyo maana nakuuliza: Chapati alikufa na nini? Waliolala pamoja na kula pamoja huugua pamoja. Sikiliza pumzi za Karanga, angalia pua na macho kama yanatoa majimaji. Na tafadhali, usimpe amoksilini iliyobaki kabatini. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wake, na simbilisi wengi wamekufa kwa dawa hiyo badala ya ugonjwa.

Akishaonekana mzima, hapo ndipo nakubaliana nawe kwamba ana majonzi, na mumeo asikukatishe tamaa. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes kule Peru na nchi jirani, na huko ndugu zao wa porini huishi kwa makundi hadi leo. Norbert Sachser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, waliwapima simbilisi homoni ya kortiso, ile inayopanda mwili ukiingiwa na hofu. Dume aliyepelekwa mahali pageni peke yake, homoni ilipanda sana. Alipokuwa na jike aliyeshikamana naye, ilipanda kidogo tu. Alipowekewa jike asiyemjua, hakupata nafuu yoyote. Kwa hiyo mwenzi mpya atamfaa Karanga, ila usitegemee siku ya kwanza awe Chapati. Watahitaji muda wa kuzoeana.

Siku hizi za mwanzo, safisha banda vizuri lakini usibadilishe mpangilio wake. Lisogeze mahali watu wanapoongea, mbali na moshi wa jiko. Baridi ya Njombe naijua: walikuwa wakilala wamegusana, sasa analala peke yake, kwa hiyo mwongezee majani makavu na boksi la kujificha. Mpe pia kipande cha pilipili hoho kila siku, au jani la sukuma wiki, kwa sababu mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C.

Dume mrudishie jirani na shukrani zake. Jike akifika miezi 7 au 8 bila kuzaa, maungio ya nyonga hukaza, na watoto wa simbilisi huzaliwa wakubwa, wana manyoya na macho yamefunguka. Mimba ya kwanza katika umri wa Karanga inaweza kumuua. Sungura naye hafai. Anaweza kubeba vijidudu visivyomdhuru yeye lakini vikamletea simbilisi homa ya mapafu, na teke lake moja linavunja mbavu.

Tafuta jike mwenzake. Mweke chumba kingine kwa wiki 2 uone kama ana chafya, upele au chawa. Kisha wakutanishe sakafuni, mahali ambapo si pa Karanga wala mgeni, katikati umemwaga rundo la majani, na maboksi yaliyotobolewa milango 2 ili asiwepo wa kubanwa. Watafukuzana, watapandana, mmoja atatembea akitikisa kiuno na kunguruma. Waache, wanapanga nani mkubwa. Ukisikia meno yanagongwa kwa kasi na manyoya ya shingoni yamesimama, shika taulo mkononi. Ikitoka damu, watenganishe. Usiwatenganishe kwa kila ukelele, maana kila mara wataanza upya.

Kama hamtaki kuongeza mwingine, mpeni Karanga kwenye nyumba yenye majike wengine. Hilo nalo ni pendo. Uswisi sheria imekataza tangu 2008 kumfuga simbilisi peke yake, nami naona wamefanya vyema.

Kwa mama mkwe ongea kwa heshima. Nyanda za Juu Kusini simbilisi wamelishwa jikoni na kuliwa miaka mingi, hakusema jambo la ajabu. Mwambie tu, "Mama, huyu ana jina, na ni wa mtoto."

Na mtoto mwenyewe? Usimwambie Chapati amelala au amesafiri. Mwambie amekufa, muonyeshe alipozikwa, mwache alie. Akiuliza kuhusu Karanga, mjibu ukweli: simbilisi wengi huishi miaka 5 hadi 8, naye siku moja atakufa, lakini sasa tunamtunza. Halafu mpe kazi. Kila asubuhi kabla ya uji, amweke Karanga kwenye bakuli juu ya mizani ya jikoni, aandike gramu kwenye daftari lake. Namba ikishuka gramu 50 akwite. Ikishuka sehemu moja ya kumi ya uzito, msingoje, nendeni kwa daktari.

Niandikie wiki ijayo, mwanangu, uniambie daftari linasemaje.

Shangazi yako